Ndoo Aliyoleta Mkwe

Kuna watu wenye kinyaa, halafu kuna Bi Safia wa Same. Kinyaa chake kilikuwa ni ugonjwa usio na daktari. Akikuta unywele kwenye wali, basi wali ule, sufuria lile na mwenye unywele wake, vyote kwake vimekwisha. Msibani alikwenda na sahani yake na kijiko chake ndani ya mkoba, akala upesi huku kageuza uso, asije akaona wenzake wanavyokusanya tonge kwa vidole na kuvilamba. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakuruhusiwa kutafuna muwa barazani mpaka awe na beseni la kutemea, na beseni lenyewe lilikuwa na mfuniko. Watu walimcheka, lakini iliki na pilipili manga walinunua kwake tu, pale kibandani karibu na stendi, kwa sababu kwa Bi Safia hukuti mchanga wala mguu wa mende. "Usafi ni nusu ya imani," alipenda kusema, na kwa jinsi alivyolitamka ungedhani ile nusu nyingine kawaachia watu wengine.

Fahari yake ilikuwa tangi la saruji nyuma ya nyumba. Maji ya Same yanajulikana. Leo bomba linatoa, kesho linakohoa upepo. Wengine waliweka maji kwenye madumu yaliyoota ukoga wa kijani, na akiyaona tu madumu hayo Bi Safia alihisi kooni kunamwasha. Tangi lake lilipakwa chokaa, likafunikwa bati, na juu ya bati mawe. Halikufunguliwa. Kulifungua ni kukaribisha vumbi, popo na mikono ya watu. Maji yalitokea koki ya chini, yakachujwa kwa kitambaa cheupe, yakachemshwa, yakachujwa tena. Hata maji ya kuogea aliyachuja.

Katika nyumba hiyo ndimo alimoolewa Sabrina, binti wa Yahaya, mkulima wa mpunga wa Ndungu. Sabrina alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na Bi Safia, ambaye mtoto wake alikuwa mmoja tu, Habibu aliyemwoa Sabrina, alimpokea msichana yule kama aliyeokota dhahabu. Mwaka wa kwanza tu Sabrina akapata mimba, na mimba ikaharibika. Malaria. Alitetemeka kitandani kwenye mashuka yanayonukia karafuu, na mtoto akatoka kabla ya siku zake. Yahaya alikuja kutoa pole, akanywa chai, akaondoka. Bi Safia alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akasugua nyumba nzima kwa dawa.

Sasa Sabrina alikuwa na mimba ya pili, tumbo limeshachomoza, na malaria ilikuwa imeshamgonga tena mara moja. Ndipo simu ikapigwa kutoka Ndungu.

"Mkwe, Ijumaa nakuja. Tunalo la kuzungumza juu ya Sabrina."

Bi Safia hakuhitaji mkalimani. Anakuja kumchukua. Habibu alishamdokeza kwamba Yahaya ana dada yake anayekaa Vudee, kule juu milimani kwenye baridi ambako mbu ni wa kuhesabu, na anataka binti yake akakae huko mpaka ajifungue. Roho ilimchafuka. Yeye, mwenye nyumba safi kuliko zote mtaani, mkwe aje amtoe mwanawe kama anayemtoa jalalani? Na mjukuu je? Mikono ya kwanza kumwogesha mjukuu wake iwe ya shangazi wa Vudee, ambaye hata kucha zake hajawahi kuziona?

"Hatoki," alimwambia Habibu. "Sitamgombeza mkwe wangu, sitamjibu vibaya. Nitamfanyia adabu mpaka ashindwe kutamka. Lakini Sabrina hatoki."

Basi Ijumaa ikafika. Habibu alimpakia mkewe kwenye bajaji yake wakaenda kliniki. Bi Safia akabaki na kuku na pilau lake, sakafu inang'aa, udi unafuka. Jua lilikuwa limeshapanda aliposikia hodi.

Yahaya alikuwa kavaa kanzu safi, hilo tumpe, lakini mkononi kashika ndoo iliyofungwa mdomo kwa kipande cha kanga, na ndoo ilikuwa inavuja. Tone la maji ya matope likadondoka kwenye sakafu nyekundu. Likafuata jingine. Bi Safia alitabasamu huku anayahesabu matone.

"Karibu, mkwe. Karibu sana. Za Ndungu?"

"Njema, mkwe. Nimewaletea hawa. Nimewavua mwenyewe majarubani, kwenye mpunga, alfajiri. Ni kwa ajili ya Sabrina na hiyo mimba yake. Sisi kwetu wametufaa sana." Akaitua ndoo kwa uangalifu. "Maji yasikauke tu, tafadhali. Wawe hai."

Kabla Bi Safia hajafungua kinywa, adhana ikalia. Yahaya akatazama saa. "Ngoja niwahi Ijumaa. Nikirudi tutazungumza kwa kituo." Huyo, akaondoka, ameacha nyayo mbili za tope mlangoni.

Bi Safia alizifuta kwanza nyayo. Ndipo akafungua ndoo.

Kefule! Ndani ya maji ya kahawia walikuwa wamelala wadudu, rangi ya tope, wanene, wenye miguu sita iliyotanuka na macho mawili makubwa pembeni mwa kichwa. Walikuwa watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa. Ila yeye kereng'ende alimjua wa angani tu, na hata huyo alimfukuza kwa ufagio. Yahaya alikuwa amewatilia watoto wa chura wachache kuwa masurufu ya safari. Mmoja wa hao akapita akitikisa mkia, hana habari. Mdudu mmoja alikuwa kakaa kimya kama kipande cha mti. Ghafla kidevu chake kikafunguka. Mdomo wa chini, uliokuwa umekunjwa chini ya kichwa kama mkono uliokunjwa kiwiko, ukachomoka mbele wenye makucha mawili nchani, ukamnasa yule mtoto wa chura tumboni, ukamvuta. Kisha mdudu akaanza kumtafuna, taratibu, mwenzake bado anapiga mkia.

"Astaghfirullah!" Bi Safia akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. Akajikaza akatazama tena. Mwingine, alipoona kivuli chake, alirusha maji kwa nyuma na kufyatuka hadi upande wa pili wa ndoo. Kwa nyuma! Kwa huko huko unakokujua. Mate yakamjaa mdomoni, yale mepesi yanayotangulia kutapika.

Na mkwe kasema ni kwa ajili ya mimba. Kasema wamewafaa sana. Kasema wawe hai, yaani wabichi, wasichache.

Mtu mwingine angempigia Sabrina simu, na yeye alipiga; simu ikalia chumbani, imeachwa kwenye chaji. Mtu mwingine angesubiri Yahaya arudi amuulize. Lakini Bi Safia alilelewa na mama wa Kipare wa zamani, na mama huyo alimfunza kwamba zawadi ya mkwe haiulizwi ni nini wala haikataliwi. Inapikwa siku ile ile, aliyeileta anawekewa mbele yake, aone imepokelewa kwa moyo mweupe. Kumwuliza mkwe "hiki ni kitu gani?" ni sawa na kumwambia kwamba kwao wanakula uchafu. Na siku hiyo, kuliko siku zote, alihitaji mkwe aridhike.

Alisogea uani akamwita jirani yake Elinaza, mwanamke wa mlimani asiyeona haya kwa lolote.

"Elinaza, watu wa Ndungu wanakula nini cha majarubani?"

"Kambare. Perege wakipatikana."

"Chenye miguu sita je?"

Elinaza akacheka. "Dada, Bukoba si wanakula senene? Na mwenye mimba akishikwa na hamu hata udongo anatafuna. Kaanga, mwaya. Tia ndimu."

Kuhusu uhalali wake Bi Safia alijituliza mwenyewe: kilichotoka majini hakichinjwi. Akajifunga kanga puani, akachuja ndoo kwa lile chujio bovu ambalo angelitupa baadaye, akamimina wadudu kwenye mafuta yanayochemka huku kafumba macho. Walilia chwaa! Harufu iliyopanda haikuwa ya samaki wala ya nyama. Ilikuwa ya shimo lililofunikwa muda mrefu. Akatia kitunguu. Akatia tangawizi, binzari, pilipili manga ya kibandani kwake, ndimu nne. Harufu ikakubali kidogo. Miguu ilibaki imesimama, na macho, yalaaniwe, yalibaki yanamtazama. Mara mbili alikimbilia uani kutema mate.

Yahaya na Habibu walirudi pamoja kutoka msikitini. Sabrina alikuwa amerudi kutoka kliniki kwa bajaji nyingine muda mfupi kabla yao, wadudu wameshaiva, akapitiliza chumbani kujilaza kidogo. Wanaume wakanawa, wakakaa mkekani. Bi Safia akatandaza: pilau, kuku, kachumbari, na katikati, kwenye bakuli lake la maua la wageni, akaweka zawadi ya mkwe. Akafunua.

Yahaya alitazama ndani ya bakuli. Akatazama tena. Akamtazama Bi Safia, aliyekaa mlangoni na mikono mapajani, anatabasamu hadi mashavu yanamuuma.

"Umewapika," Yahaya alisema.

"Nisingewaweka walale, mkwe. Zawadi yako!"

Mzee wa watu akakunja mkono wa kanzu. Kisha akanyoosha vidole, akachagua mmoja mdogo, akamtia mdomoni. Bi Safia alimsikia anavyovunjika. Machozi yakamlenga Yahaya machoni, naye Bi Safia akafikiri, maskini, kakumbuka kwao. Moyo wake ukafurahi. Adabu inafanya kazi.

"Na wewe mkwe," Yahaya akasema. "Karibu. Nisile peke yangu."

Hapo ndipo adabu ilipomgeukia mwenyewe. Alisogea. Alimchukua mmoja kwa ncha za kucha. Alipomweka ulimini, miguu ilimkwaruza kwenye kaakaa, na alipobana meno, kitu laini kikapasuka ndani kikamwaga uji wenye ladha ya mfereji. Alimeza. Kikapanda. Akakimeza tena.

"Kitamu," alisema.

Habibu, mtoto asiyejua kinyaa, alikuwa ameshakula watatu. "Mama, hawa kamba umewatoa wapi? Kama wana mifupa kidogo."

Sabrina akatoka chumbani, tumbo mbele, ushungi umekaa vizuri. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Yahaya alijibu, mdomo umejaa.

Sabrina akainama kumshika mkono, macho yakaanguka kwenye bakuli. "Baba! Hawa si watoto wa kereng'ende? Wale wa kwenye pipa letu la maji? Mbona mmewakaanga?"

Habibu alitoka mbio, akasikika uani akitema na kukohoa. Bi Safia akalivuta bakuli akalichungulia upya.

"Kereng'ende?" akauliza. "Mkwe, kereng'ende? Na wewe umekula, hukusema?"

"Ningesemaje? Umekipika, umekitia ndimu, umekiweka kwenye bakuli la maua. Nilidhani huku Same ndivyo mnavyowala."

"Mimi nilidhani huko Ndungu ndivyo mnavyowala!"

Walitazamana. Yahaya ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Bi Safia hakucheka. Alikuwa anasikilizia tumbo lake.

"Niliwaleta wakaishi kwenye maji yako, mkwe," Yahaya alisema alipotulia. "Nitasema ukweli. Nilikuja kumchukua Sabrina. Lakini nikasema, kwanza nijaribu hawa. Pipa letu la nyumbani lilikuwa na viluwiluwi vya mbu. Nikatia hawa wachache, siku chache tu, pipa jeupe. Mmoja anakula kutwa nzima, hachoki. Wakikua wanapanda kwenye kijiti, mgongo unapasuka, anatoka kereng'ende mwenyewe anaacha gamba. Na huyo ndiye mwindaji! Kichwa chote ni macho, anaona mbele na nyuma kwa mara moja. Mabawa manne, na kila bawa linakwenda kivyake. Anasimama hewani, anarudi kinyumenyume. Mbu akipita hamfuati nyuma kama mbwa afuatavyo sungura. Anakwenda kule mbu atakakokuwa, wanakutana. Miguu yake ina miiba, anaikunja kama tenga, anamzolea humo, anamtafuna huku anaruka. Anaanza na kichwa. Mimi nakaa shambani kutwa nafukuza ndege, nawaona. Ni mara chache sana akakosa."

Alizungumza kwa mapenzi, na kila neno lilimshukia Bi Safia tumboni. Anaanza na kichwa. Anazolea miguuni. Na huyo ndiye niliyemtafuna! Alibana mdomo kwa kanga.

"Na hawa wadogo," Yahaya akaongeza, "wanapumua kwa nyuma. Wanavuta maji kwa..."

"Mkwe, inatosha!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Kinyaa kilishageuka hasira. "Kwa hiyo unaniambia maji yangu yana mbu? Maji yangu mimi? Ndungu kwenye madimbwi, sawa. Hapa maji yanachujwa mara mbili! Hakuna kiluwiluwi hapa. Twende ukaone, ili neno hili liishe leo, na mwanao akae kwangu kwa amani."

Walikwenda wote, Habibu mbele akifuta mdomo. Elinaza akachungulia juu ya ukuta. Habibu akaondoa mawe, na Bi Safia alisimama mikono kiunoni, shingo juu. Bati lilipoinuliwa kidogo, wingu jembamba la mbu likatoka likamgusa usoni. Kisha jua likaingia ndani ya tangi.

Maji yalikuwa safi, naam. Yalikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuona kila kitu. Juu kote, kutoka ukuta hadi ukuta, maji yalikuwa hai. Viluwiluwi vilijikunja na kujikunjua, vingine vimelala sambamba na uso wa maji, vingine vinashuka kwa kupindapinda. Na kati yao yameelea magamba matupu ya waliokwisha kuota mabawa na kuruka. Pembe ya bati iliyokunjika, kwenye mfereji wa mvua, ilikuwa na uwazi wa vidole viwili. Koki ilikuwa chini. Kitambaa cheupe hakijawahi kukamata kitu, kwa sababu wenyewe walikaa juu, kwenye maji masafi yaliyotulia, hakuna samaki wala chura wa kuwasumbua. Dirisha la chumba cha Sabrina lilikuwa hatua chache kutoka hapo.

Yule kereng'ende wa kukaanga Bi Safia alimmeza bila kutapika. Hapa alishindwa. Aliinama kando ya tangi akatapika pilau, ndimu na kila kitu, mbele ya mkwe, mbele ya jirani, kitu ambacho maisha yake yote hakuwahi kufanya mbele ya mtu. Sabrina alimshika mgongo.

"Nyani haoni kundule," Bi Safia alisema, akijifuta.

"Usiseme hivyo, mkwe," Yahaya akasema. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, na aibu ya kumwaibisha mtu nyumbani kwake. "Hata mimi pipa langu lilikuwa hivi hivi. Sikiliza. Kesho nitaleta wengine, ndoo nzima, na tutaziba huo uwazi. Hana haja ya kuondoka. Nimebadili mawazo. Akae kwako."

Ndilo neno Bi Safia alilolipikia tangu asubuhi. Habibu akashusha pumzi. Sabrina akatabasamu.

Bi Safia alitazama ndani ya tangi. Alikumbuka jinsi Sabrina alivyotetemeka mwaka jana, na yeye akimkanda kwa maji yaliyochotwa hapa hapa, akimwambia, mwanangu, humu ndani hakuna uchafu wa kukudhuru.

"Hapana," akasema. "Mchukue leo."

"Mama, mimi sitaki kwenda," Sabrina akasema.

"Najua. Utakwenda. Habibu, mfungie mkeo nguo zake."

"Lakini mkwe, nimeshakwambia..."

"Nimekusikia, na Mungu akulipe. Lete hao wadudu wako, nitawatia humu kwa mikono yangu mwenyewe, na nitawaangalia wanavyokula. Lakini huyu apande Vudee leo. Mjukuu wa kwanza alifia kwenye usafi wangu huu."

Bi Safia akachuchumaa, akafungua koki mpaka mwisho, na maji ya miezi yakaanza kutoka, yakapita miguuni mwake, yakaelekea barabarani. Elinaza alipiga kelele kutoka ukutani, "Jamani, maji! Safia, ngoja nilete ndoo!"

"Usiyaguse!" Bi Safia alimjibu bila kugeuka, na akabaki amechuchumaa pale pale, machozi yanamtoka, mpaka bajaji ilipowaka na Sabrina akaondoka.